Fimbo ya Sidi

Kizingo, Mombasa
6 Novemba 1994

Mwanangu Sidi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila goti langu. Mama yako asema uvae sweta, Kitale baridi.

Juzi shule ilinifanyia karamu ya kustaafu. Miaka ishirini na sita nafundisha wasichana hoki, mimi niliyeishia darasa la tatu! Vikombe kumi na kimoja. Walimu wenye digrii waniamkia.

Basi Winnie, kapteni wenu wa zamani, akaniuliza mbele ya watu: "Kocha, katika sisi sote, nani alikuwa mkali zaidi?" Nikamtaja Priscah. Watu wakapiga makofi. Priscah mwenyewe akasema, "Kocha, wacha urongo. Ni Sidi, na wewe wajua." Mimi nikazidi kula pilau.

Siku ile walipokuja wachaguzi wa timu ya taifa, nilikuweka benchi mchezo mzima, watu wasije wakasema Kingi ampendelea mwanawe. Ukaniuliza, "Baba, hata dakika tano?" Nikakujibu, "Uwanjani sina mtoto." Wakamchukua Priscah. Wewe hukucheza tena.

Mimi si mtu wa kuomba radhi, wanijua. Lakini fimbo yako naipaka mafuta ya nazi kila mwezi. Mara ngapi timu ilipungukiwa na fimbo, na hiyo sikumpa mtu.

Krismasi uje. Nitasimama golini na goti hili hili, upige mpaka uchoke.

Ni mimi baba yako,
Kingi