Samaki, Mwambieni Mama

Mama,

Usishtuke nikikuita hivyo, moja kwa moja. Miaka yote uliyokuwa hai sikuwahi kukuelekezea neno hata moja, wala wewe hukunielekezea mimi. Leo nimeona nikiuke kidogo. Naamini huko uliko wameshalegeza mambo ya wakwe.

Unakumbuka siku Nekesa aliponileta kwenu Bumula kujulikana? Sisi ambao babu zetu walihamia Kitale kutoka upande wa Mlima Kenya tunaheshimu mama mkwe, lakini mkono tunampa. Basi nikakunyooshea mkono. Ulirudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka, ukaingia jikoni, hukutoka mpaka tukaondoka. Nekesa alicheka njia nzima. Ndipo akanieleza kwamba kwenu mkwe na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani machoni. Hata kitu hampeani mkononi. Mmoja anakiweka chini, mwingine anakiokota.

Kwa hivyo sukari ilipoharibu miguu yako na kliniki ikawa ni hapa Kitale, niliogopa kidogo. Tutaishije? Ukaja na begi la nguo na ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa, imejaa gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, na majani yao ya majini. Ulikubali kulala chumba cha nje, nyuma ya nyumba, kwa sababu paa moja na mkwe haiwezekani. Lakini soketi nzuri ya pampu ya hewa ilikuwa sebuleni, na kwa samaki wako hukuwa na mchezo. Tangi la kioo tulilowanunulia likakaa sebuleni, nawe mchana ukakaa nalo. Wewe upande huu, mimi upande ule, maji katikati.

Siku ya kwanza nilibeba jagi la maji ya mfereji nikitaka kusaidia. Ukawaambia samaki, "Nyinyi, ati huyu mwenye nyumba anataka kuwamaliza? Si mmwambie hayo maji iko na dawa. Yalale kwa ndoo kwanza, kesho ndiyo ayalete."

Nikainama nikawaambia samaki, "Mwambieni mama nimesikia."

Nekesa alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Nusura aimwage.

Tangu hapo tukawa na mazungumzo, Mama. Mimi ambaye na baba yangu mzazi tuliongea mahindi na mvua tu, nilijikuta nawahi kutoka dukani nije nisikie samaki wameambiwa nini. "Mwambieni asiwalishe kama ng'ombe wa maziwa, bana. Kidogo, mmalize." "Mwambieni maji hayamwagwi yote. Anatoa kidogo, anaongeza kidogo." "Hiyo sponji ya kuchuja maji asioshe kwa mfereji, aoshe kwa haya maji yenu ya zamani, uchafu mwingine ni wa faida." Nilipoweka tangi karibu na dirisha ili majani yapate jua na kioo kikageuka kijani, uliwauliza samaki kama wamefunguliwa shamba la sukuma wiki. Nilikata majani yaliyooza, nikayaacha mabichi yasongamane, kwa sababu gapi hatagi mayai, anazaa watoto wanaoogelea, na mama yao mwenyewe anaweza kuwala wasipopata pa kujificha.

Na ile jioni stima ilipopotea, baridi ya Kitale ikaanza kuingia kwenye maji. Ulivua shuka uliyokuwa umejifunika miguuni, ile miguu yenye maumivu, ukaiweka juu ya stuli, ukageuza uso. Nikaiokota stulini nikalifunga tangi. Nilikupenda sana jioni ile, Mama. Sikuwa na njia ya kukuambia, na samaki walikuwa wamefunikwa.

Hospitalini hakukuwa na samaki. Nilisimama mlangoni mwa wodi kwa adabu, macho chini, Nekesa akiwa amekushika mkono. Ukageuka ukaitazama ile chupa ya dripu. Ukaiambia, "Wewe chupa, mwambie mwenye nyumba asante. Amenitunza kama mama yake." Nilitaka kuijibu chupa. Niliishia kuiinamishia kichwa. Asubuhi ulikuwa umeondoka.

Sasa nikupe habari, na kuna moja mbaya. Tulipokwenda Bumula kukuzika, shangazi zangu walibaki hapa kuandaa nyumba ya kupokea waombolezaji. Unawajua kwa usafi. Waliona maji ya rangi ya chai na mawe yenye utelezi, wakasema nyumba ya msiba haiwezi kuwa hivyo. Waliyamwaga maji yote, wakang'oa majani, wakasugua mawe kwa sabuni ya unga mpaka yakang'aa kama sufuria za harusi, wakajaza maji ya mfereji na kuwarudisha samaki. Tuliporudi walikuwa wanaelea juu, wote. Shangazi walikuwa wamesimama kando ya tangi wakisubiri kusifiwa.

Hakuna aliyewagombeza. Unamgombezaje mtu aliyekuja kukupigia deki msibani? Lakini Nekesa, ambaye kaburini alisimama imara, alikaa sakafuni mbele ya tangi akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa na hofu moja tu: kama wameisha, nitaongea na wewe kupitia wapi?

Ndipo nikakumbuka yule jike mwenye doa jeusi mkiani. Kabla hujalazwa uliwaambia samaki wenzake kwamba tumbo lake limekuwa pembe nne, yuko karibu kuzaa, mwenye nyumba amtenge. Nilimweka kwenye beseni jikoni, na majani mengi. Nilikimbia jikoni, Mama. Beseni lilikuwa pale pale, halijaguswa. Shangazi walidhani ni dawa ya mitishamba ya mtu imelowekwa, na dawa ya mtu wao hawashiki. Nikapekua majani. Alikuwa hai. Na kando yake vitu vidogo kama kope, vina macho, vinakimbia.

Nililaza maji. Nikaanza upya, kidogo kidogo, kama ulivyonifundisha. Vipande vya majani ya kwenye beseni vikashika, sasa vimejaa nusu ya tangi. Na jike yule akazaa tena, akiwa hana dume. Nekesa alisema ni muujiza. Mimi nilikumbuka ulivyosema kwamba gapi jike ana akili ya mwanamke wa kwetu, akipandwa mara moja anajiwekea akiba ya mbegu, anazaa mara kadhaa hata akiwa mjane. Wewe pia ulibaki mjane mapema, ukalea watoto wote sita. Nilifikiri hilo nikiwatazama wadogo, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nikacheka.

Ninashukuru kwa mke niliyepata. Ninashukuru kwa shuka, ambayo bado tunafungia tangi stima ikipotea. Ninashukuru kwamba ulikuja kwangu ukiwa mgonjwa, ukashika mila yako yote, na bado ukapata njia ya kuwa mama yangu.

Madume wameanza kupata rangi. Nakuahidi, wakikomaa nitawabeba kwa ndoo ile ile, kifuniko kile kile, niwapeleke Bumula nyumbani kwako, niwafundishe wajukuu kulaza maji.

Kwaheri, Mama. Umenivumilia barua nzima. Sasa narudi kwenye adabu. Nimekaa upande wangu wa tangi, kiti chako kiko upande ule, na naisoma hii kwa sauti nikitazama maji.

Samaki, mwambieni mama, mwenye nyumba anasema asante.