Faili la Harusi Linalogoma Kufutika

Mshauri mpendwa, nakuomba unisaidie haraka maana Jumamosi inakuja na mimi nimeshikwa pabaya. Mimi ni mhariri wa video katika studio ya picha, nimeolewa, na majuzi aliolewa wifi yangu, binti pekee wa mama mkwe, na video ya harusi nikapewa mimi kuihariri, kazi niliyoipokea kwa moyo mmoja kwa sababu mama mkwe na mimi tunapendana, huniita mwanangu mbele ya kila mtu na hajawahi kunitofautisha na binti yake. Mama ana mguu wa kushoto unaoburuta tangu alipoanguka kwenye ngazi, lakini siku ile aliinuka akacheza, na nilipofika kwenye kipande hicho nilikuwa na mpiga picha wetu, mtu wa utani tunayemwita Mwanga, basi nikashika kipaza sauti nikatia sauti yangu juu ya video kama mtangazaji wa mpira, nikasema, "Huyo anakuja na mguu wake, mashabiki, sijui anacheza au anapiga deki," tukacheka mpaka machozi, nikalihifadhi kama faili la pembeni kwenye folda letu la pamoja ili Mwanga alisikilize tena kwenye kompyuta yake.

Baadaye roho ikanisuta nikataka kulifuta, likakataa. Kompyuta inaniambia faili linatumika kwenye programu nyingine, na mimi nimefunga programu zangu zote, Mwanga kafunga zake, nikajaribu kulibadilisha jina likagoma, kulihamisha likagoma, nikazima kompyuta nikaiwasha nikaambulia dada wa mapokezi kuja kunifokea kwamba nimemkatia televisheni, nikamwambia aniache na matatizo yangu, na mashine ilipowaka nikajaribu tena, jibu lile lile. Sasa nahisi kama faili hili lina kisasi na mimi. Jumamosi wifi anakuja na mumewe na mama na wakwe zake kuitazama video hapa hapa studio, na bosi ana tabia ya kufungua folda lile mbele ya wateja na kubonyeza lolote, maana kwake kazi mpya ndiyo tangazo, hata pale mapokezi kaagiza iwekwe kazi iliyoingia mwisho. Jambo moja tu limeninyookea: mama alipita juzi kuleta picha za albamu, akakaa mapokezi kunisubiri nimalize na mteja, mimi huingilia mlango wa nyuma kwa hiyo hata sikumwona, akaondoka bila kuniaga, kisha akamtuma wifi aniambie nikitoe kile kipande anachocheza, eti "sakafu ya watu ilikuwa safi tayari". Wifi hakuelewa, akacheka, nami nikaona ni maneno ya mama tu, nikakikata upesi. Siku hizi ananiita mwenzangu, nadhani ni uchovu wa shughuli. Niambie, mshauri, faili hili nilitoe vipi kabla hajalisikia?

Mhariri mwenye hofu

JIBU

Binti yangu, kaa chini kwanza.

Kompyuta haina kisasi na mtu. Inapokuambia faili linatumika, inakueleza jambo la kweli kabisa: kuna mahali limefunguliwa. Lichukulie kama kiti ambacho mtu amekikalia. Unaweza kukivuta utakavyo, hakiondoki mpaka aliyekaa ainuke. Wewe umehangaika kuvuta kiti bila kuinua macho umtazame aliyekikalia.

Aliyekikalia umenitajia mwenyewe. Ulipozima kompyuta yako, televisheni ya mapokezi ilikatika. Itakatikaje kama hailishwi na folda lililomo kwenye mashine yako? Bosi ameagiza pale iwekwe kazi iliyoingia mwisho. Iliyoingia mwisho ni ipi? Ni utangazaji wako wa mpira, ambao uliuweka kwenye folda la watu wote kana kwamba ni droo ya kwako chumbani. Dada wa mapokezi ametii agizo, akaliweka lijirudie, akaendelea na simu zake, na mashine yako ilipowaka upya akaliweka tena. Wewe hupiti mlango wa mbele, ungejuaje? Lakini alipokuja kukuambia, ulimfukuza. Hapo nakulaumu. Jibu lilikuja kwa miguu yake mpaka mezani kwako, ukalirudisha.

Sijaingia studio yenu, kwa hiyo hakikisha kwa macho yako: toka nje, zunguka, ingia kwa mlango wa wateja, ukae kwenye kiti cha kusubiri. Naamini utaisikia sauti yako mwenyewe.

Na kwenye kiti hicho, mwanangu, alikaa mama mkwe wako.

Yasome tena maneno yake. Wewe ulisema anapiga deki, yeye akasema sakafu ilikuwa safi tayari. Umeyaandika yote mawili kwa mkono wako kwenye barua moja, na hukuyasikia kwa sababu masikio yako yote yalikuwa kwenye faili. Unaniuliza namna ya kulitoa kabla hajalisikia. Amekwisha kulisikia, na mbele ya mlango ambao wateja wanaingilia na kutokea. Hakukugombeza wala hakumwambia bintiye. Aliomba tu aondolewe kwenye harusi ya mtoto wake, na wewe ukaona mambo yamekunyookea.

Pole. Najua unampenda, maana asiyempenda asingepoteza usingizi. Sasa fanya hivi. Mwombe radhi dada wa mapokezi, kisha mwambie afunge video hiyo kwenye mashine yake. Rudi kwako ulifute faili, litaondoka bila ubishi, na ulitoe pia kwenye pipa la taka la kompyuta. Tangu leo, utani wako usikanyage folda la pamoja.

Hiyo ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni leo jioni, kabla ya Jumamosi. Nenda kwa mama peke yako. Usimtume mumeo, usimsingizie Mwanga, na usianze na habari za kompyuta, kwa kuwa mama hakuumizwa na kompyuta. Mwambie, "Mama, sauti uliyoisikia ni yangu, na nimekosa." Kisha nyamaza. Akitaka kusema, aseme mpaka amalize.

Halafu umwombe ruhusa ya kukirudisha kile kipande. Akikataa, umtii, mguu ni wake. Akikubali, kirudishe kizima, bila kukifupisha, muziki wake wenyewe ukisikika juu. Mtu mwenye mguu unaoburuta aliinuka mbele ya ukumbi mzima kwa sababu binti yake anaolewa, na wewe uliyepewa kazi ya kuchagua yapi ya siku ile yabaki, ulikata hilo ukahangaika na sauti yako.

Na Jumamosi ingia kwa mlango wa mbele, ukiwa umemshika mama mkono.