Mkuku Ulioachwa Kipsonoi

Jumatatu, 6 Juni 1932
Kwa jina la Baba aliyeyatenga maji na nchi kavu. Salamu kwako, nafsi yangu, na kwa siku hii tuliyojaliwa. Sala pamoja na wachuma chai ninaowafundisha dini. Kengele. Ukungu. Jioni mtoni Kipsonoi, kama kila jioni, kumtazama Odera, seremala wa shamba, akishona mbao za mtumbwi kwa kamba. Yeye naye ni mtu wa ziwani.

Dada yangu Abigaeli, aliyenilea, ni mgonjwa kule mto unakoingia ziwani. Goti langu haliwezi tena safari ya miguu. Mto unaweza. Nataka kumkuta hai. Sina ombi jingine.

Jumatano, 8 Juni
Odera amemaliza. Ametia mkuku, ule mti mrefu wa chini unaochongoka mbele, kama mitumbwi yote ya kwetu. Nilipoupapasa nilimkumbuka baba, aliyeijenga mingi. Kwetu, mtumbwi usio na mkuku huitwa karai.

Kiplangat, mwindaji wa Boito atakayetuongoza hadi soko la Sondu, aliuzunguka kisha akauliza kama ni wa kupanda au wa kuabudu. Odera alicheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 10 Juni
Tumeondoka. Mbega mitini, weusi kwa weupe. Maporomoko ya kwanza tuliyapita tukiimba. Ya pili yalitukamata. Mkuku uliingia kati ya mawe, mto ukatugeuza ubavu, maji yakajaa. Unga umekwenda. Blanketi pia. Kiplangat alinivuta kwa ukosi wa koti. Biblia na daftari hili vimepona ndani ya debe la biskuti.

Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 11 Juni
Ziwani mkuku huunyoosha mtumbwi katika upepo. Hapa kila jiwe linaushika. Watu wa ziwa tumejenga mtumbwi wa ziwa, tukauleta mlimani.

Sharti ukatwe. Odera alikaa na tezo yake ya kuchongea magotini mpaka jua likawa kali.
"Mwalimu, nitamtazamaje mama yule, dada yako? Binti wa fundi!"
"Kata. Afadhali anigombeze."
Akakata. Tumeuacha ukingoni, chini ya mkuyu. Niligeuka kuutazama hadi kona ya mto.

Jumapili, 12 Juni
Siku ya Bwana. Hatukusafiri. Odera alininunia mchana kutwa. Nami nilinuna, moyoni, na sijui nilimnunia nani.

Jumanne, 14 Juni
Mtumbwi sasa unateleza juu ya mawe, ukizunguka kama kibuyu. Tumefika Sondu. Mwanamke wa kwetu anayeuza vyungu amesema Abigaeli hajala tangu Jumapili.

Jumapili tuliyokaa. Ee Bwana, niliitunza siku yako. Nitunzie dada yangu.

Mbele kuna maporomoko makuu, mngurumo wake wasikika sokoni. Vijana wa sokoni wameubeba mtumbwi vichwani. Kiplangat, aliyepaswa kurudi kwake, alinibeba mimi mgongoni kushuka genge la mawe kando ya maji.
"Boiyot," akasema, yaani mzee kwa lugha yake, "chai ya shamba imekunenepesha!"
"Tazama unapokanyaga, wewe."
Huko chini tuliagana. Nilimwekea mkono kichwani. 

Alhamisi, 16 Juni
Nchi tambarare. Joto la utotoni. Harufu ya matope na samaki. Kiboko aliibuka karibu, akatupumulia, akazama. Kisha upepo wa ziwa. Bila mkuku hatuwezi kushika njia; kila tukipiga kasia twasukumwa matetani. Moshi wa nyumbani nauona. Sijapata kutamani kitu hivi, hata ujanani. Tumelala matetani, macho yangu upande ule.

Ijumaa, 17 Juni
Upepo umetulia alfajiri. Tumefika.

Yu hai. Macho yake yameishiwa nuru, nami sikuwa na habari. Aliomba apelekwe ulipo mtumbwi. Wakamkalisha mchangani. Alipitisha mkono chini ya tumbo la mtumbwi, polepole, mpaka pale palipokatwa.
"Opuk," akasema. Kobe. Ndivyo alivyoniita nilipokuwa mtoto mzito wa kutembea, na hakuna mwingine aliyebaki duniani wa kuniita hivyo. "Nani amekata mkuku?"
"Mawe, dada."
"Mawe hayana tezo."

Odera alitazama chini. Abigaeli akaomba uji. Amekunywa nusu kikombe, akinigombeza kati ya funda na funda.

Ziwa limetulia. Atakayeyasoma haya nisipokuwapo, Mungu amlinde yeye na wote walalao chini ya paa lake, na asimnyime wa kumwita kwa jina la utotoni. Amina.