Picha Mbili za Likelo

Jumatatu, 5 Februari 1990

Shule, nyimbo mbele ya bendera, kisha atelye ya Tonton, mjomba wangu, hapa Kabondo, tunapochapa kadi. Kama kila siku. Ordinatere, ile kompyuta yake, imejaa, Tonton akaniambia niipange. Kurasa zote za kadi nimeziweka katika dosie moja: batiza, ndoa, matanga. Picha kubwa nimezihamishia kwenye disketi, ndogo nimeziweka pamoja na kurasa. Naipenda mashine ile. Hainilazimishi kusema.

Ukurasa wa marehemu mzee Likelo wa Yanonge uko tayari. Familia yake inatoa matanga Jumamosi.

Jumanne, 6 Februari

Nimechapa karatasi ya kwanza. Kwenye kioo cha mashine: mzee Likelo, kofia yake, ndevu zake. Kwenye karatasi: Likelo mdogo. Mjukuu wake, ndoyi wake, aliyepewa jina la mzee ili lisipotee. Kadi yake ya batiza tuliitengeneza sisi. Mtoto hai, anacheka, na chini yake maneno: Apumzike kwa amani.

Nikachapa tena. Mtoto tena.

Picha ya mtu hai haiwekwi mahali pa maiti. Ni kumwitia kifo. Nimezikunja karatasi zote mbili, nikazitupa katika pipa. Tonton sikumwambia. Mimi ni mwoga, basi.

Jumatano, 7 Februari

Hakuna umeme. Maji ya mto Tshopo yamepungua, wanasema. Nilishukuru Mungu: leo hakuna kuchapa.

Halafu nikaangalia pipa. Tupu. Mama muuza makemba wa barabarani huchukua karatasi zetu kufungia ndizi zake. Nilijua, na nikasahau. Njaa yote imeniisha.

Alhamisi, 8 Februari

Imefika.

Mama yake Likelo mdogo aliingia na karatasi mkononi, imelowa mafuta ya makemba. Mtoto ana homa tangu jana. Akaitupa mezani.

"Mutoto yangu iko na homa, na ninyi munamuzika! Nani alibatuma?"

"Tuliza roho, mama," Tonton akasema. "Bon, ni mashini njo ilikosa."

"Mashini! Ilimujulia wapi mutoto yangu?"

Watu wakajaa mlangoni. Mmoja akasema: ndoki, mchawi. Wote wakanitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mbele ya mashine, na kwa sababu siongei. Mama akasema mtoto akifa, wanajua mlango wa kuja kubisha.

Tonton alinitazama. Nilikwenda nyuma ya nyumba hadi walipoondoka.

Ijumaa, 9 Februari

Shule sikwenda. Umeme umerudi; nimekaa na mashine tangu asubuhi, na nimeona.

Ukurasa hauna picha ndani. Una kivuli chake kidogo, na njia ya kwenda mahali picha ilipolala. Kioo kinaonyesha kivuli. Wakati wa kuchapa ndipo programu inaifuata picha yenyewe. Mzee nilimhamishia kwenye disketi. Programu haikumkuta, ikatafuta karibu, ndani ya dosie ulimo ukurasa, ikakuta LIKELO, ikachukua. Haikuuliza. Na jina hilo nililiandika mimi, mara mbili, kwa picha mbili. Ndivyo wanavyoitwa, wote wawili.

Nikamwambia Tonton. Aliinua mkono, akaushusha.

"Utabaelezea weye mwenyewe. Mbele yao."

Walikuja wawili: mama wa mtoto na Koko, bibi yake, mjane wa mzee. Sauti yangu ilitoka kama ya mbu.

"Sema na nguvu, mutoto," Koko akasema. "Masikio yangu ilizeeka."

Nikaanza upya. Nilitia disketi. Nikawaonyesha picha zote mbili, jina moja. Nikaandika LIKELO KOKO, kwa kuwa babu naye ni koko. Nikaandika LIKELO MUTOTO. Nikaipa programu njia mpya, nikachapa.

Mashine yetu huchapa mstari kwa mstari, kutoka juu. Mama aliushika ukingo wa meza. Kofia. Kisha paji la uso. Kisha ndevu.

"Ni yeye," Koko akasema.

Mama akarudi kwa mtoto. Homa haijashuka. Nimeomba kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, nisikike kokote.

Jumapili, 11 Februari

Homa ilishuka jana asubuhi.

Tonton alinipeleka kwenye matanga kwa nguvu. Nilikaa nyuma kabisa. Likelo mdogo alipita amekonda, makemba mdomoni, kadi ya babu yake mkononi. Akasimama mbele yangu. Akaweka kidole juu ya ndevu za mzee.

"Ni miye," akasema.

Watu wakageuka. Mama yake akanitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Koko ndiye aliyecheka. "Eh, iko sawa na mashini ya Tonton!"

Wakacheka wote. Mama yake hakucheka. Alikuja, akaniongezea kipande cha samaki katika sahani, akaenda.

Nilikula chote.