Kibuyu Chako Kimefunguka, Shangazi

Shangazi yangu Kalunde,

Kaa vizuri huko uliko, maana leo ninajisifu na sitaki kukatizwa. Kile kibuyu chako cha mwisho, kile cha mviringo ulichokitundika juu ya meko kule Kikima ukasema nisikikate mpaka niwe na uhakika, nimekikata. Nimekikata mbele ya maprofesa watatu.

Unakumbuka kile cha kwanza? Nilikuwa darasa la sita, wewe umeenda sokoni, nikataka kukufurahisha. Nikapima katikati kwa rula ya shule, nikakata. Kikapasuka toka mdomoni hadi kitakoni, na akina mama wa kanisa walikuwa wameshaagiza nzele, zile nusu za kibuyu za kunywea uji. Uliporudi ukashika kiuno. "Woi! Wewe Mwende, umepiga hodi wapi?" Nikasema sikujua kibuyu hupigiwa hodi. "Basi umeingia kama mwizi!" Kisha ukacheka mpaka leso ikakuanguka, nami nikalia kwa hasira kwa sababu ulikuwa unacheka.

Siku hiyo hiyo ukanifundisha. Ulipakata kibuyu kingine, ukakizungusha, ukakigonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, mara kumi hivi tu. Ukaniambia ganda ni nene wapi na jembamba wapi, hata mahali ambapo hukugonga. Nikauliza umejuaje. "Si majirani wamesema," ukajibu. "Na jirani wa karibu namsikiza kuliko wa mbali." Nilidhani unabahatisha.

Kumbe ndiyo hesabu niliyokuja kuisomea mpaka mvi zikaanza! Ile kazi uliyokuwa ukiwaambia watu "huyu anasoma mpira" ni hiyo hiyo: una namba chache zilizotawanyika juu ya tufe, unataka kukadiria zilizobaki kote. Kila ulipogonga unaweka kilima cha namba, kirefu pale pale, kinachoshuka kadiri unavyosogea. Halafu unajumlisha vilima vyote. Lakini si kilima chochote tu. Lazima kitoke kwenye kanuni tunayoiita kiini chanya dhahiri, yaani ugonge popote upendapo, mradi usirudie mahali pamoja, hesabu haikwami. Jibu lipo, na ni moja tu.

Hapo ndipo nilipoumia. Miaka miwili nilitumia kilima kinachofanya kazi vizuri kwenye shamba tambarare, nikapima umbali kwa kufuata ngozi ya tufe, nikaona nimemaliza. Kompyuta ikaniambia kuna mahali ganda lina unene chini ya sifuri. Chini ya sifuri, Shangazi! Jopo la watahini likanirudisha, na mkubwa wao akasema nikija tena na upuuzi ule nifungashe virago. Wewe ulikuwa umetuacha mwezi mmoja tu kabla ya hapo. Nikaja Kikima, nikakaa jikoni kwako, nikalia vizuri.

Nilipomaliza kulia nikakishusha kibuyu nikipanguse masizi, nikajikuta nakizungusha mapajani kama wewe. Nikaona kosa langu: nilikuwa bado nimeshika rula. Kilima cha tufe hujengwa kwa mawimbi ya tufe lenyewe, kila wimbi likiongezwa, hakuna hata moja linalotolewa, na ulizungushe utakavyo kanuni haibadiliki. Nikaandika uthibitisho wote hapo, daftari likiwa juu ya gunia la mbaazi.

Siku ya jopo nikaingia na kibuyu chako kwapani. Yule mkubwa akakunja uso. "Umetuletea uji?" Nikagonga mara ishirini, simu ikinasa sauti, kompyuta ikijumlisha vilima. Nikaweka alama ya chaki pale iliposema ni pembamba kuliko kote, mahali ambapo sikuwa nimegonga kabisa, nikachora mstari wa msumeno mbali napo. Nikikosea, napoteza shahada na kitu pekee kilichobaki cha mkono wako, kwa asubuhi moja. Nikakata.

Hakikupasuka! Nzele mbili safi! Yule mkubwa akachukua ile yenye chaki, akabonyeza kwa kidole gumba huku na huku. Pote pagumu. Akafika kwenye chaki, pakabonyea. Akabonyeza tena, kama haamini.

"Nani alikufundisha hii?"

"Shangazi yangu."

"Yuko chuo gani?"

"Jikoni, Kikima."

Walipiga makofi, Shangazi, na mimi nikapiga kigelegele humo humo ndani. Natamani ungekuwepo uniite mwizi mara moja tu.

Nzele moja nimewapelekea akina mama wa kanisa, badala ya ile niliyowapasulia. Nyingine nimenywea uji jikoni kwako, na niliuunguza kama wewe. Lala salama. Safari hii nilipiga hodi kwanza, Shangazi, na kikaitika karibu.

Mpwa wako, daktari wa mpira,
Mwende