Mlango wa Mwisho Kabla ya Kanisa

Mtaa wa Kamias, Bulacan, Ufilipino
Novemba 4, 1996

Mwanangu Marivic,

Pokea salamu zangu na za mtaa mzima. Mimi sijambo, goti tu ndilo linalonisumbua mvua ikinyesha, na dari ya jikoni bado inavuja pale pale. Wewe hujambo? Yule bibi kizee unayemtunza bado hataki kulala mchana? Unapata wali wa kutosha, au hao watu wa Hong Kong wanakushindisha na tambi?

Sasa nikwambie lililoniudhi, maana nisipolitoa nitapasuka. Jana baada ya misa mama yako wa ubatizo, Ising, alisimama mbele ya kamati ya kanisa. Akasema vijana wote wa mtaa huu wako ng'ambo au melini, hakuna aliyebaki wa kuigiza Maria na Yosefu wakiomba malazi nyumba kwa nyumba mkesha wa Krismasi, basi mwaka huu watumike wazee. Hapo sikuona ubaya. Kisha akaninyooshea kidole mbele za watu: "Yosefu awe Mang Temyong kinyozi, Maria awe Loring. Wote wamefiwa, nyumba zao zinatazamana, wanasubiri nini?" Watu wakapiga makofi. Unajua wanavyosema hapa mtaani, kwamba wanaoigiza Maria na Yosefu wataoana kabla mwaka haujaisha.

Nikasimama nikawaambia mimi si ndizi ya kunadiwa mlangoni mwa kanisa. Mume wangu Amado hajamaliza hata miaka minne kaburini. Wamtafute Maria mwingine. Mang Temyong alikuwa anaitazama kofia yake tu. Nikaondoka kwa hasira nikasahau mwavuli, mvua ikanimalizia njiani.

Mwavuli ameuleta yeye leo asubuhi. Nimeupokea pale mlangoni, sikumkaribisha ndani.

Jitunze, uvae sweta.

Mama yako,
Loring

*

Hong Kong
Novemba 15, 1996

Mama yangu,

Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, kama mtoto anavyomsalimu mzazi kwa heshima, japo kwa mbali. Mimi mzima. Bibi naye mzima, mchana halali, usiku ananiita kila mara nimfunike. Goti lako ulipake mafuta ya nazi ya moto, usilionee aibu.

Barua yako nimeisoma kwenye foleni ya samaki na damu ikanichemka mpaka muuza samaki akaniuliza kuna nini. Umefanya vizuri kukataa. Huyo mama yangu wa ubatizo, Aling Ising, ana kiherehere cha kuozesha watu, na umwambie mimi nimesema. Mtu akikaa na heshima yake nyumbani, kwao ni kosa.

Mang Temyong sina ugomvi naye. Lakini ndiye aliyemnyoa Baba ndevu kabla hatujamlaza kwenye jeneza. Mkono wake huo niliushika nikauweka kwenye paji la uso wangu, nikilia, kumshukuru. Siutaki mezani kwetu ukichota wali kwenye sahani ya Baba.

Na wewe mkesha huo una kazi yako, Mama. Nyumba yetu ndiyo ya mwisho kabla ya kanisa, na ubeti wa mwisho wa kukataa ulikuwa wa Baba. Unakumbuka alivyokuwa akijitokeza dirishani na kofia ya majani, Yosefu na Maria wako chini na mishumaa, naye anawaimbia kwa ukali, "Ondokeni, hapa hapana nafasi"? Watoto wa mtaa walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Tangu afariki wanaipita nyumba yetu kimya. Mwaka huu uimbe wewe. Uimbe kama yeye, uwafukuze wote. Nikijua umeimba, nitakuwa nimeila Krismasi huku huku.

Mwanao,
Marivic

*

Mtaa wa Kamias
Desemba 1, 1996

Mwanangu Marivic,

Salamu nyingi. Goti linapata nafuu kwa yale mafuta. Natumaini nawe u mzima, na bibi wako pia.

Ubeti nitaimba, nimeshawaambia kamati. Lakini sikia vituko. Umaria umechukuliwa na Sepa. Ndiyo, Sepa huyo huyo muuza keki za mchele, bibingka, ambaye mwaka wa juzi alisema magoti yake hayamruhusu hata kupiga magoti misani. Nilipokataa tu, siku hiyo hiyo magoti yakapona. Sasa kila jioni wanafanya mazoezi hapa barabarani, mbele ya dirisha langu, yeye amejifunga mto tumboni na amemng'ang'ania Mang Temyong mkono. Nikamwuliza, "Sepa, huo mkono ni wa nini, na mazoezi ni ya kuimba?" Akanijibu, "Loring, Maria alikuwa mjamzito, lazima ashikwe." Mwanamke ana miaka sitini na mbili. Hana haya hata kidogo.

Na hao wanafiki wa kamati, wale wale walionipigia makofi mimi, sasa wanampigia yeye. Ising ananiambia, "Ulimkataa mwenyewe, unanuna nini?" Mimi sinuni. Mimi nasema tu kwamba Maria hakuwa hivyo.

Dari ya jikoni imezibwa. Mang Temyong aliona nimeweka ndoo, akapanda mwenyewe na bati lake. Jua lilikuwa kali, nikamwambia ashuke ale. Amekula mchuzi mchachu wa kamba, sahani moja tu, akanisimulia jinsi baba yako alivyokuwa akisinzia kwenye kiti cha kunyolea. Tulicheka kidogo. Ni hivyo tu, wala usilikuze.

Mama yako,
Loring

*

Hong Kong
Desemba 11, 1996

Mama,

Unasema nisilikuze. Umelikuza wewe. Umeandika ukurasa mzima kumsema Aling Sepa kwa sababu ameshika mkono ambao wewe ulisema huutaki. Mimi si mtoto mdogo.

Nimeondoka nyumbani nikakuacha na kitu kimoja tu cha kunitunzia, nyumba ya Baba ikae kama alivyoiacha. Sasa kinyozi anakaa jikoni anakula kamba, na mnacheka. Mtaa mzima unajua, mimi ndiye wa mwisho kuambiwa, tena kwa mistari mitatu chini ya barua, baada ya habari za dari.

Uimbe ubeti wa Baba. Yosefu akija, umfukuze, yeye na Maria wake, kisha ufunge dirisha. Ukimkaribisha tena mtu yule ndani, usiniandikie habari zake.

Marivic

*

Mtaa wa Kamias
Desemba 27, 1996

Mwanangu Marivic,

Salamu za Krismasi. Barua yako niliipata siku moja kabla ya mkesha, haina salamu, haina hata kuniuliza hali. Mkono wangu hukuuweka popote. Nimeisoma mara nyingi na nimekasirika, nami nitakwambia.

Mkesha ulipofika nilifanya ulivyotaka. Nilivaa kofia ya baba yako. Nikafungua dirisha. Taa zenye umbo la nyota zilikuwa zinawaka mtaa mzima, na watu wanakuja na mishumaa, wametoka kufukuzwa nyumba baada ya nyumba, wanacheka. Sepa mbele na mto wake, kamshika Mang Temyong kama mtu anayeogopa kuibiwa. Wakasimama chini. Yeye akaanza kuimba ubeti wa Yosefu, kwamba ni usiku, kwamba baridi ni kali, kwamba hana pengine pa kubisha. Ile sauti yake ya kukwaruza unaijua. Alipomaliza akainua macho akanitazama, na hakuwa anaigiza.

Nikaimba, "Ondokeni." Neno hilo moja. Likaishia hapo. Watoto wakasubiri kucheka. Nami nikasimama dirishani na kofia ya marehemu kichwani, nikajiuliza mimi hasa namfukuza nani, na kwa faida ya nani. Nikateremka ngazi nikafungua mlango.

Marivic, tangu mtaa huu uwepo hakuna aliyewahi kufungua. Sepa alinijia juu hapo hapo. "Loring, unatuharibia. Wewe kazi yako ni kukataa."

Nikamwambia, "Nimechoka kukataa, Sepa. Ingieni, chakula kipo."

"Yesu anatakiwa azaliwe kanisani."

"Basi mpishe Yosefu akae, wewe uende ukamzae."

Ising ndiye aliyeingia wa kwanza, kisha wote. Walikula tambi zangu zote za pansit, wakala na wali wa kufungwa majani ya mgomba niliouweka kwa ajili ya wageni wa asubuhi, wakanywa chokoleti ya moto mpaka sufuria ikakwanguliwa. Padri alikaa kanisani na mlango wazi anamsubiri Maria, mpaka akamtuma mpiga kengele kuuliza kama tumepotea. Sepa alikuwa amekaa kwenye kochi na mto wake tumboni, amenuna, sahani ya pili mkononi. Anatangaza mtaani kwamba kidogo Mwokozi azaliwe kwenye makochi ya Loring. Na atangaze.

Baada ya misa Mang Temyong alirudi kunisaidia kuosha vyombo. Akaniuliza, "Loring, mlango ule ulimfungulia Yosefu au mimi?" Nikamjibu, "Yosefu ameshaenda kanisani." Akaniomba twende kwa padri baada ya Pasaka. Nikamwambia asubiri.

Sasa nikuulize wewe uliyeniagiza nifunge dirisha. Likishafungwa, ndani anabaki nani? Naweka sahani moja. Nawasha redio ili pawe na mtu anayesema. Nilimpenda baba yako na nilimwuguza kwa mikono hii, wala simdai wala hanidai. Nawe unaniachia nyumba niitunze kama kaburi, halafu unaninunia kwa sababu nimecheka jikoni kwangu. Sikuombi ruhusa, mimi ndiye niliyekuzaa. Lakini nimemwambia asubiri, na nangoja barua yako.

Mama yako,
Loring

*

Mtaa wa Kamias
Januari 30, 1997

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Mtu wa posta sasa ananionea huruma, akifika getini anatikisa kichwa kabla sijamwuliza. Kama umeamua kunisusa, niandikie hivyo, nijue moja.

Mang Temyong hajavuka barabara tangu mwaka mpya. Nilimwambia asubiri, naye ni mtu wa kutii. Ananivulia kofia kutoka mlangoni mwa kibanda chake cha kunyolea, basi. Sepa anampelekea bibingka kila asubuhi, ina siagi na jibini juu. Naye anaila. Simlaumu, mtu anasubiri kitu kisichokuja.

Ukichelewa sana, mwanangu, atachoka. Nami sitamwita, kwa sababu nilikuahidi kwa moyo wangu kwamba sitafanya jambo hili mgongoni kwako. Ndipo uliponifikisha.

Mama yako,
Loring

*

Hong Kong
Februari 9, 1997

Mama yangu,

Hujambo? Goti je? Mimi mzima wa mwili.

Bado nina hasira, usidhani zimeisha. Nina hasira na Aling Ising, na wewe ulivyonificha habari chini ya dari, na Aling Sepa na jibini lake. Na nina hasira na mimi mwenyewe, ndiyo maana kalamu ilikuwa haishikiki. Barua yako ya Krismasi nimetembea nayo kwenye mfuko wa aproni mpaka imechakaa.

Nikwambie kitu cha huyu bibi. Watoto wake wamo humu humu mjini, wazuri, wanapiga simu kila Jumapili. Mume wake amekufa zamani. Jioni nikimwekea chakula nikitaka kwenda jikoni, ananishika kitambaa cha aproni. Basi nakaa, nakula naye. Mwajiri wangu, mmoja wa hao watoto, aliniambia tangu siku ya kwanza hiyo ni sehemu ya kazi, asile peke yake. Juzi kwenye mwaka mpya wao wa Kichina mwanawe wa kiume alikuja na machungwa, akayaweka mezani, akaitazama picha ya baba yake ukutani. Akaniambia, "Asante kwa kuiweka nyumba vile vile." Kisha akaondoka kabla ya chakula. Nilitaka kumrushia hayo machungwa. Nilikasirika sana, Mama, na bibi amenishika aproni. Ndipo nikakumbuka nani mwingine aliandika maneno kama hayo, tena bila hata kuleta machungwa.

Mimi nalipwa ili mama wa watu asile peke yake. Na mama yangu nilimwagiza afunge dirisha.

Sahani ya Baba usimpe. Iweke kabatini, nitaikuta. Mnunulie yake. Na mkesha ujao ubeti wa mwisho mtafute mwingine wa kuuimba, wewe hujui kukataa, umeshatuaibisha.

Naweka mkono wako kwenye paji la uso wangu. Ukimaliza kusoma uvuke barabara, kabla Aling Sepa hajafika na bibingka, umwambie Mang Temyong anyooshe na mkono wake.

Mwanenu,
Marivic