Kipindi cha Salhiya Kinasubiri Radhi Yako

Ng'ambo,
Zanzibar.
11 Januari 2025

Mpendwa kaka Talib,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima huko Maskati, wewe, wifi yangu Zuleikha na watoto. Goti lako vipi? Sisi hatujambo. Presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka, lakini nakula na nalala, alhamdulillahi. Joto limeanza, tunashinda tukijipepea.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Kwenye simu utanikatisha, kaka, na leo nataka unisikilize mpaka mwisho. Ile kazi ya uhasibu uliyomtafutia Salhiya kwenye hoteli ya rafiki yako, mwanangu hajakujibu, na si kiburi. Haitaki, na anashindwa kukuambia, kwa sababu ni wewe uliyemlipia masomo mpaka akamaliza chuo. Basi nasema mimi mama yake.

Anafanya podikasti. Ni kipindi cha mazungumzo ambacho watu wanakisikiliza kwenye simu zao saa yoyote wanayotaka, huku wanapika au wanapiga pasi. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa vijana. Alianzia kwenye chumba chako cha zamani, akatundika kanga zangu zote ukutani ili sauti isirudi. Nikitaka kanga ya kwendea mazikoni, naitungua ukutani.

Kipindi chenyewe kinahusu wafanyabiashara wa Mlandege, na kilianza vibaya. Aliwauliza wamefanikiwaje. Kaka, unawajua watu wetu! Nani atakaa aitangaze riziki yake kwa mdomo wake, na husuda ilivyojaa mjini? Wote wakageuka maskini. Mzee Kheir muuza vyombo alimwambia, "Mwanangu, sie tunasukuma siku tu," na huku nyuma yake wachukuzi wanashusha kontena zima la masufuria. Vipindi vya mwanzo vilikuwa malalamiko matupu. Hata mimi sikuweza kuvimaliza.

Salhiya akakaa akafikiri, akamrudia Mzee Kheir na swali jengine: ni hasara gani iliyokufundisha kazi? Hapo mzee alifunguka mpaka ikaadhiniwa alasiri. Alieleza alivyoagiza shehena ya chupa za chai bila ya kutaka kuona sampuli, kwa pupa zake, zikamfikia hazina vifuniko. Mji ulicheka. Lakini watu wakaanza kwenda dukani kumtazama huyo mzee wa vifuniko, na waliokwenda walitoka na sufuria mkononi. Hasara haihusudiwi, kaka, na mwenye kuisema hadharani watu wanamwamini. Tangu hapo wenye maduka ndio wanaomwita Salhiya wenyewe.

Sasa sikiliza akili ya mtoto huyu. Matangazo anauza, mazungumzo hauzi. Kwa kila aina ya bidhaa anachukua duka moja tu, kwa mkataba wa mwaka, kwa hiyo anayetangaza vitambaa hana mpinzani ndani ya kipindi. Alikuja tajiri mmoja wa vigae akataka kununua kipindi kizima ili asifiwe. Salhiya akamwambia, "Tangazo ntakufanyia, ami, lakini kipindi siuzi." Aliondoka amenuna, na mimi nikamgombeza mwanangu kutwa nzima. Kumbe habari zilifika Mlandege kabla huyo tajiri hajafika kwake. Waliokuwa wakisitasita wakaja na matangazo yao, kwa kuwa walijua wasikilizaji hawadanganywi. Ingawa bado nasema angeweza kumkatalia kwa tabasamu kidogo.

Ramadhani hamsumbui mtu, maana wafanyabiashara wakati ule hawana hata nafasi ya kujikuna. Vipindi vya mwezi huo anavirekodi mapema na kuviweka akiba. Amemwajiri Rahila, binti wa jirani yetu, akamfundisha kukata na kusafisha sauti. Juzi Salhiya alilala na homa, hajiwezi, na kipindi kikatoka siku yake kama kawaida. Mimi niliyekuwa nikisema siku zote kwamba kazi hii itakufa siku akiugua, nilikisikiliza mpaka mwisho. Namwonea fahari mpaka naona haya.

Sasa nifike palipo pagumu. Wenye maduka wamemtayarishia chumba cha kurekodia hukohuko Mlandege, ghorofani, pamoja na mkataba wa miaka mitatu. Wanataka jibu mwisho wa mwezi huu. Salhiya hajatia saini. Kila nikimuuliza ananiambia, "Mama, mjomba hajanipa radhi. Akisema niende hotelini, ntakwenda." Nimembembeleza, nimemfokea, hasikii. Na nikisema kweli, kaka, nampenda zaidi kwa hilo, ndiyo maana linaniuma.

Bi Maryam, mama yetu mdogo, anakusalimu sana na anauliza yale mafuta yake ya kuchua. Mdogo wetu Haitham naye anakusalimu. Amenenepa, usimwambie nimesema. Mbusu wifi yangu kwa niaba yangu, na watoto wote uwaambie shangazi yao anawakumbuka.

Ulimsomesha mtoto huyu ili siku moja asimame mwenyewe. Amesimama, kaka. Sasa anageuka anakutafuta wewe kwa macho, kama umemwona. Yeye hatakupigia, anakuogopa. Mpigie wewe.

Mwenyezi Mungu akupe afya na umri, na akurudishe kwetu salama tule pamoja.

Nduguyo wa tumbo moja, akupendaye,
Mwanamwema